Anza na Shombo: Mwongozo Kamili wa Kuuza Biashara Mpya kwa Hadithi, Unguja na Pemba

Wazee wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mie methali hii niliiamini mpaka nilipokaa nyuma ya meza yenye vipande 200 vya sabuni ya mwani, na kizuri changu kikagoma kujiuza. Yalikuwa maonyesho ya biashara ya Januari, yale ya msimu wa sherehe za Mapinduzi. Nilitandika kitambaa cheupe, nikapanga sabuni kama matofali, nikasimamisha cheti cha mafunzo ndani ya fremu. Kila aliyesimama nilimpa maneno yale yale: sabuni yetu ya asili, imetengenezwa na kikundi cha kina mama 12, ina mwani, ina mafuta ya nazi, haina kemikali. (Uongo huo wa mwisho nilikuwa nausema bila kujua. Sabuni ya kupika haiwi sabuni bila magadi makali, na hayo ni kemikali.) Watu walinusa, wakasema mashaallah, wakapita.

Siku ya tatu akaja bi mkubwa mmoja, ndoo mkononi, kanga imelowa pindoni.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Hii inaondoa shombo la samaki?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia inalainisha ngozi. Akacheka. "Ngozi yangu ishalainika zamani. Mie nakuuliza shombo." Akaenda zake.

Mengi ya hapa chini yalianzia kwenye swali lile. Niseme mapema ninachokiita hadithi, maana wengine wakisikia neno hilo hufikiria porojo. Hadithi ya biashara ni kisa cha kweli cha mtu mwenye kero, kifupi kiasi kwamba aliyekisikia kwako asubuhi anaweza kumsimulia jirani jioni bila wewe kuwepo. Kisiwani kwetu tangazo haliishi redioni wala kwenye bango. Linaishi barazani. Na barazani ndipo linapochunguzwa pia: ukidanganya asubuhi, kabla ya magharibi atatokea mtu anayemjua binamu wa uliyemtaja.

Hatua ya kwanza: kaa mahali watu wanapolalamika wenyewe

Baada ya maonyesho nilikwenda Malindi, hapa mjini Unguja, alfajiri, samaki wakishushwa, nikakaa na wanawake wanaopara samaki kwa malipo. Siku tatu sikuuza kitu. Nilikuwa na daftari na sharti moja: niandike maneno kama yalivyotamkwa, nisiyasafishe. Kurasa zile ninazo mpaka leo, zimepata madoa.

"Ndimu zinaniunguza vidole, nina mikato."

"Naosha mara tano, nikikaa kidogo inarudi."

"Nikienda shughulini nakaa mwisho wa mkeka."

Hilo la tatu nililizungushia duara. Shughulini kwetu wanawake hula pamoja, wanne watano kwenye sinia moja ya pilau, na mkono wa kila mmoja unapita karibu na pua ya mwenzake. Dada yule hakuwa na kero ya ngozi wala ya sabuni. Kero yake ilikuwa mahali pa kukaa.

Unapouliza, kuna swali moja la kuliacha nyumbani: "Nikileta kitu hiki, utanunua?" Watu wetu wana adabu, hawatakukatalia usoni. Watakwambia inshaallah, nitapita, Mungu akijaalia. Yote hayo ni maneno mazuri na hakuna hata moja linaloingia kwenye hesabu ya oda. Nimewaona watu wameingiza kontena la mzigo kwa nguvu ya inshaallah ishirini. Uliza yaliyokwishatokea: mara ya mwisho kero hii ilikupata lini? Ulifanyaje? Ulitoa shilingi ngapi? Nani mwingine analalamikia hili?

Alama ya kero iliyo hai ni kwamba mtu ameshajitafutia dawa yake ya kubahatisha. Wale wanawake wa Malindi walikuwa na ndimu, majivu, unga wa kahawa, mmoja alisugua mikono kwa mchanga wa pwani. Ukikuta kero ambayo hakuna aliyewahi kuihangaikia, basi hiyo ni kero ya kichwani mwako. Kijana mmoja wa Chake Chake aliniletea wazo la kupeleka mboga majumbani. Nikamwambia akawaulize kina mama wa mtaani kwake walikosa mboga lini mara ya mwisho. Hakuna aliyekumbuka. Muuza mchicha anapita mlangoni kila asubuhi akinadi. Mtaji wake ukasalimika.

Hatua ya pili: tatua kwanza, usimulie baadaye

Hapa ndipo wengi wanaruka. Wakishapata kero wanakimbilia kuandika maneno matamu, bidhaa ikiwa ile ile.

Sabuni yangu ya kwanza ilishindwa. Tuliongeza mafuta ya mchaichai, mikono ikanukia vizuri kwa saa moja, kisha shombo likarudi likiwa limevaa mchaichai. Tukatengeneza nyingine yenye unga wa mwani uliosagwa kwa kukwaruza, ili iingie kwenye kucha na mikunjo ya vidole. Afadhali, lakini bado. Tulichojifunza ni kwamba harufu ya samaki hutulizwa na kitu kikali kama ndimu, ilhali sabuni kazi yake ni kuondoa mafuta. Sabuni peke yake isingeshinda hata tungetia nini. Kwa hiyo tukawapa utaratibu: nusu ndimu kwanza, usugue, usuuze, ndipo sabuni.

Kibiashara lilikuwa jambo la aibu kidogo kumwambia mteja kwamba sabuni yako inahitaji ndimu. Lakini ilifanya kazi, na ukweli huo baadaye ndio uliotuuzia kuliko kitu chochote.

Gawa vipande kumi kwa watu kumi wenye kero ile ile. Rudi baada ya wiki. Usiulize "umeipenda?" Omba wakuoneshe kilichobaki. Saba kati ya kumi wangu walikuwa na kipande kilicholika, chembamba pembeni, kimewekwa kwenye kifuu cha nazi karibu na mtungi. Watatu kilikuwa kizima, kimo kwenye karatasi yake, na wote watatu waliniambia ni nzuri sana. Hao watatu ndio wa kuwahoji zaidi.

Kwa yeyote anayetengeneza kitu cha kupaka, kula au kunywa: kabla hujatoka nje ya mtaa, jina la biashara linasajiliwa BPRA (wakala wa usajili wa biashara na mali Zanzibar), kodi ni ZRA (mamlaka ya mapato), vyakula na vipodozi vinapita ZFDA (wakala wa chakula na dawa), na viwango ni vya ZBS (taasisi ya viwango). Na usithubutu kusema bidhaa yako inatibu. Sema inaosha.

Hatua ya tatu: ijenge hadithi

Ngano zetu hazianzi na msimulizi peke yake. Anasema "Paukwa!" na wasikilizaji wanajibu "Pakawa!" Asipojibiwa, haendelei. Hiyo ni hekima ya muuzaji: sentensi yako ya kwanza lazima imfanye msikilizaji atie neno. "Karibu uone bidhaa zetu bora" haina pakawa yake. "Bi, ukishapara samaki asubuhi, mchana mkono unanukia nini?" hiyo inajibiwa, tena kwa kicheko.

Kunadi si jambo geni kwetu. Muuza kahawa anagonga vikombe vyake, na unajua ni yeye kabla hajakata kona. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, kabla hajawa mwimbaji wa kwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, alikuwa akitembeza vyungu mitaani, na sauti yake ya kunadi ndiyo iliyomtangulia. Vyungu vilikuwa vizuri, na bado vilitembezwa. Methali ile imrudie mwenyewe.

Baada ya sentensi ya kwanza, mifupa ya hadithi ni michache. Mtu: mmoja, anayefanana na unayesema naye. Kero: siku moja maalumu, mahali maalumu. Alichojaribu kikashindikana. Kilichobadilika, kwa jambo linaloonekana kwa macho. Basi. Wewe mwenye biashara unaingia mwishoni, kwa sentensi moja. Kina mama wangu 12 walikasirika kidogo nilipowatoa kwenye hadithi, na nawaelewa, maana jasho ni lao. Lakini mnunuzi anatafuta kujiona yeye.

Hivi ndivyo nilivyokuwa nikisema:

"Kuna dada anapara samaki Malindi. Kila akialikwa shughuli anakaa mwisho wa mkeka, anaficha mkono, asije akaharibu sinia ya watu. Kajaribu ndimu tatu kwa siku, zinamuunguza. Sasa anasugua nusu ndimu, kisha sabuni hii. Wiki iliyopita kwenye harusi alikaa katikati. Kipande ni shilingi 2,000."

Isome kwa sauti, hesabu muda: haifiki nusu dakika. Angalia kilichoachwa. Hakuna "asili", hakuna "bora", mwani wenyewe haukutajwa. Atakayetaka kujua imetengenezwa na nini atauliza, na akiuliza ujue keshasogea.

Kabla ya kuitumia nilimuomba dada yule ruhusa, nikamsomea kila neno. Akanifanya nitoe jambo moja kuhusu mumewe. Jina sikulitaja, na sokoni sikumuonesha kwa kidole. Fanya hivyo hivyo. Ukimtia mtu aibu ili uuze, umempoteza yeye na ukoo wake, na kisiwani ukoo ni nusu ya soko.

Kisha fanya kipimo cha kibarazani. Msimulie mtu asubuhi, mtu asiyekuhurumia. Jioni mwombe akusimulie yeye. Alichosahau ni mafuta ya ziada, kikate. Alichokumbuka ndicho kiini. Mie watu wote walikumbuka mkeka na sinia. Hakuna aliyekumbuka mchaichai.

Nikupe mfano mwingine usiohusu sabuni, kwa sababu kero ya kweli hujificha. Dada mmoja wa Mwanakwerekwe alinunua mashine ya kukunia nazi, akaandika kibao: "Tunauza tui safi la nazi." Alidhani kero ni kuchoka kukaa juu ya mbuzi. Wateja wakawa wachache. Tulipokaa na daftari tukasikia maneno mengine kabisa: "Nitajuaje si la jana?" na "Hilo lishatiwa maji." Uchovu wa kukuna walikuwa wameuzoea, hofu yao ilikuwa tui chachu mbele ya wageni. Akabadilisha kazi, si kibao tu. Mteja anachagua nazi mwenyewe, anaitikisa sikioni, inavunjwa mbele yake, inakunwa, inakamuliwa kwenye chombo alicholeta, na machicha anaondoka nayo. Hadithi yake ya Ramadhani ikawa hii: saa kumi na moja jioni, wageni wawili wameingia bila taarifa, muhogo uko jikoni, meno ya mbuzi yamekatika, na nazi iko moja. "Mtume mtoto na bakuli." Watoto wenye mabakuli walipanga foleni mpaka majirani wakalalamika.

Hatua ya nne: acha mkono useme

Maneno yamvute, kisha aone. Nilitupa kile kitambaa cheupe, nikaweka karai, birika la maji, ndimu zilizokatwa nusu na dagaa wabichi kwenye sahani. Mtu anawafinya dagaa kwa vidole, anajinusa, anakunja uso. Anafuata utaratibu. Anajinusa tena. Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo sehemu ngumu kwa muuzaji, mdomo unawasha. Lakini anayejinusa mara ya pili anafanya kazi yako.

Kila biashara ina dagaa wake. Fundi wa friji ana barafu ya kuonesha asubuhi yake. Mshonaji ana mshono anaoweza kuuvuta. Kama huduma yako haioneshwi papo hapo, tumia ushahidi wa mtu anayejulikana mtaani, na awe tayari kuulizwa.

Hatua ya tano: bei, na yale majibu matatu

Bei itaje mwenyewe, mwishoni, kwa sauti ile ile uliyokuwa nayo. Ukiificha, mtu anahisi utampima kwa viatu alivyovaa.

Utajibiwa "ghali". Usianze kupunguza, anza kuhesabu naye. Wakati huo ndimu ilikuwa shilingi 200, na wao walitumia tatu kwa siku: 600. Kwa utaratibu wetu ni nusu ndimu, 100, na kipande cha 2,000 kilidumu kama siku 20, yaani 100 nyingine. Mia mbili badala ya mia sita. Hesabu hii sikuifanyia nyumbani nikaileta; niliifanya mbele yao, kwa kalamu, juu ya karatasi ya kufungia sabuni, na mara nyingi wao ndio walionisahihisha. Hesabu aliyoifanya mteja haibishii.

Utajibiwa "ndimu zangu zinanitosha." Kubali. Muulize vidole vinamuuma? Kama haviumi, si mteja wako leo, mshukuru.

Utajibiwa "nitarudi." Mwambie karibu, na mpe kipande kidogo cha kujaribia badala ya kumganda.

Mkopo? Mie siuzi kwa mkopo bidhaa mpya. Deni linamfanya mteja akwepe njia yako, na akikwepa njia yako hatasimulia hadithi yako.

Hatua ya sita: kero hubadilika na anayesikiliza

Kosa nililolifanya muda mrefu ni kumpelekea kila mtu kisa cha mkeka. Mwenye duka la Wete hana shombo. Kero yake ni mzigo uliolala rafuni na pesa zake ndani. Kwake nilikwenda na kisa cha mwenye duka mwenzake: alichukua vipande 20, vilivyobaki tulivirudisha sisi, hakupoteza kitu. Shombo sikulitaja mpaka aliponiuliza.

Meneja wa ununuzi wa hoteli kule Paje au Nungwi ana kero nyingine tena. Ameumizwa na wauzaji waliokuja na sampuli nzuri, wakaleta mara moja, wakapotea. Anataka kujua utafika mwezi wa pili na wa tatu, na kama una risiti ya kielektroniki. Kama mzigo wako unatoka Pemba, msimulie siku ya kusi kali, boti imeahirishwa, ulifanyaje mzigo ukafika. Kama siku hiyo bado hukuwahi kuipata, usiitunge. Mwambie unaweka akiba ya wiki mbili Unguja, na umuoneshe ilipo.

Afisa wa mkopo, awe wa benki au wa mfuko wa uwezeshaji, anasikiliza kwa dakika tatu na daftari lako la mauzo mbele yake. Kisa kimoja, kisha namba. Ukimpa machozi bila namba atakupa pole.

Kwenye WhatsApp tuma sauti yako mwenyewe, si picha yenye maandishi kumi. Sekunde 40 zisizidi, na uanze na ile paukwa. Usitume kwenye makundi ya msiba na ya ukoo, tafadhali.

Hatua ya saba: wakati

Sitaeleza sana, kila mmoja anaijua kalenda ya wateja wake. Hadithi ya futari ianze Shaaban, kabla watu hawajajaza jikoni. Ya nguo, wiki za kwanza za Ramadhani, maana kumi la mwisho mshonaji hashikiki. Pemba, msimu wa karafuu ukiwa mzuri pesa zinaingia vijijini, lakini watu wako mashambani na mabusatini wakianika. Nenda kwao, usiwangoje mjini. Na wanaolima mwani wafuate bamvua: maji yakikauka vizuri wako baharini, mlango utaukuta na kufuli.

Hatua ya nane: daftari la pili

La kwanza lilikuwa la kero. La pili lina safu tatu: waliosikia, walionunua, waliotumwa na mwenzao. Wiki ya kwanza Malindi nilisimulia watu 41, wakanunua 9, waliotumwa hakuna. Wiki ya nne nilisimulia 30, wakanunua 14, na sita kati yao walitumwa. Safu ya tatu ndiyo ninayoitazama. Ikikaa sifuri mwezi mzima, hadithi yako haisimuliki, rudi hatua ya tatu. Au bidhaa haitatui, na hapo urudi ya pili, ambayo inauma zaidi.

Kila aliyetumwa muulize maswali mawili: nani kakwambia, na kakwambiaje? La pili liandike neno kwa neno. Watu wataibadilisha hadithi yako na mara nyingi wataitengeneza kuliko wewe.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Darajani na kikapu changu, akanisimamisha msichana nisiyemjua, sare ya skuli, katumwa na bibi yake.

"Shikamoo. Wewe ndiye mwenye sabuni ya katikati ya mkeka?"

Nikamwambia ndiyo. Akataka vipande viwili, akanipa noti ya 5,000, nikamrudishia chenji. Jioni ile nilikaa na kikundi, tukachukua karatasi za kufungia zilizobaki, zile zenye maandishi "Sabuni Bora ya Asili ya Mwani", tukazigeuza upande wa pili, na kwa kalamu ya wino mzito tukaandika: Katikati ya Mkeka.